Ruhusa ya Miezi Minane

Katika shule ile ya serikali, yenye wanafunzi mia nne na ushee, kila mtu alikuwa na lake alilolijua. Walimu walijua masomo yao, mkuu wa shule alijua kusaini, na wanafunzi walijua upenyo wa kutorokea kwenye ua. Lakini ukitaka kujua wasichana ni wangapi, waliofiwa na baba ni wangapi, wanaotembea zaidi ya kilomita tano ni wangapi, na kila kundi limepata wastani gani katika mtihani, ulikwenda chumba cha mwisho cha jengo la utawala, kile chenye mlango unaokwaruza sakafu, ukamuuliza karani. Jina lake la kuzaliwa lilibaki kwenye hati ya mshahara. Wengine wote, mkuu wa shule akiwamo, walimwita Bi Takwimu, naye aliitika bila kinyongo.

Usidhani alikuwa mtu mkavu. Katika rejista kuu, lile daftari pana lenye jalada gumu na kona zilizochakaa, kila mtoto alipewa mstari mmoja: namba, jina, tarehe ya kuzaliwa, umbali wa nyumbani, mzazi aliye hai, kazi ya mzazi, anaishi na nani. Wewe na mimi tungesinzia kabla ya ukurasa wa pili. Bi Takwimu aliisoma mistari ile kama mtu anayesoma barua za ndugu zake. Ni yeye aliyegundua, miaka ya nyuma, kwamba wasichana wanaotoka mbali wanaachwa na wenzao kwa alama saba. Akamwandikia mkuu wa shule, kipindi cha kwanza kikasogezwa mbele nusu saa, na mwaka uliofuata pengo likashuka hadi alama tatu. Hakuna aliyempongeza, na wala hakungoja kupongezwa.

Lakini kinyozi hajinyoi. Mwanamke huyu aliyejua kupanda na kushuka kwa watoto wa watu alikuwa na mtoto mmoja tu, binti, kidato cha tatu katika shule hiyohiyo. Tangu utotoni aliitwa Chiriku, kwa jinsi alivyokuwa haishi kusema. Baba yake alifariki Chiriku akiwa na miaka tisa, na alipoingia sekondari ni mama yake mwenyewe aliyeujaza mstari wake kwa mkono wake: mzazi aliye hai, mama, kazi ya mzazi, karani, anaishi na, mama. Jioni walirudi nyumbani kwa miguu, mmoja akisema, mwingine akiitikia "enhe". Mwaka huo yule msemaji akaanza kunyamaza, alama zake zikaanza kuporomoka, na yule wa "enhe" akajiambia kwamba ni umri tu, utapita.

Sasa, shule ile ilikuwa na desturi yake. Matokeo yakitoka, orodha ya majina kutoka wa kwanza hadi wa mwisho hubandikwa kwenye ubao wa matangazo siku ya Ijumaa saa tisa alasiri, pini nne, moja kila kona. Kuna namna ya kuisoma. Wanaojijua hodari huanzia juu. Waliobaki huanzia chini wakipanda, wakiomba wasijikute mapema. Kazi ya kubandika ilikuwa ya Bi Takwimu, na kwa miaka ishirini na saba hakuwahi kuchelewa hata dakika tano wala kumsitiri mtu. Mtoto wa mwenyekiti wa bodi aliwahi kuwa wa tatu kutoka mkiani, na akabandikwa vilevile.

Ijumaa ile ya mwisho wa muhula wa kwanza, saa nane na nusu, Chiriku alisukuma mlango unaokwaruza akaingia. Orodha ilikuwa mezani. Hakuhitaji kuanzia juu. Mstari wa mwisho, wa mia moja na kumi na tatu kati ya mia moja na kumi na tatu, ulikuwa wake.

"Mama, usibandike leo. Bandika Jumatatu."

"Jumatatu kuna nini?"

"Kuna kitu nataka nikwambie kwanza. Nyumbani, si hapa."

"Utaniambia jioni. Orodha ni ya Ijumaa."

"Mama, nakuomba."

Bi Takwimu alimtazama, na hapa ndipo mtu hutamani kumshika mkono amwambie ngoja kwanza, dada yangu. Lakini hakuwapo wa kumshika. "Leo nikimfichia mwanangu," alisema, "kesho wa wenzangu nitawaambia nini?" Akachukua pini zake nne akatoka.

Mgala muue na haki yake mpe: alichosema kilikuwa kweli. Lakini ukweli nao una saa yake. Walioanzia chini hawakupanda mbali. Kicheko kikaanza palepale kwenye mstari wa kwanza wa chini, na mjanja mmoja akatunga jina, "Mkia wa Karani", ambalo lilifika langoni kabla ya mwenye nalo. Chiriku hakumngoja mama yake siku hiyo. Nyumbani hakusema kitu, na Jumamosi hakusema kitu, na mama akadhani ni ule ununaji wa kawaida unaokwisha kwa kikombe cha chai. Jumapili asubuhi alimkuta amefunga begi. Sare ya shule ilikuwa imekunjwa vizuri juu ya kitanda.

"Unakwenda wapi?"

"Kwa shangazi."

"Kwa ruhusa ya nani? Mimi si mama yako?"

"Wewe si mama," Chiriku alisema, na hakupaza sauti hata kidogo. "Wewe ni karani."

Shangazi huyo, dada wa marehemu baba yake, alikuwa fundi cherehani katika mji mwingine, mwendo wa saa nne kwa basi. Bi Takwimu alimfuata binti yake huko mara mbili. Mara ya kwanza Chiriku alijifungia chumbani mpaka basi la jioni likaondoka. Mara ya pili alitoka kwa mlango wa nyuma. Wifi yake ndiye aliyemwambia, wakiwa wamesimama kati ya mabunda ya vitambaa, "Mwache, wifi. Akirudi kwa kuvutwa, atarudi mwili tu." Akaacha. Kuacha kule ndiko kulikomfundisha kwamba nyumba ya vyumba viwili inaweza kuwa kubwa mno.

Ila jambo moja hakuliacha, nalo ndilo lililozaa kisa hiki. Kila Ijumaa alikusanya madaftari ya mahudhurio kutoka kwa walimu wa darasa ili apige jumla. Mtoto aliyekuwapo huwekewa alama ya vema, mgonjwa, M, mtoro, U, mwenye udhuru unaojulikana, R, yaani ruhusa. Kwenye mstari wa Chiriku mwalimu wa darasa aliacha nafasi tupu, maana hakujua amwandike nini mtoto wa karani. Bi Takwimu alitazama siku tano tupu. Kuandika U kuliushinda mkono wake. Akaandika R, R, R, R, R. Wiki iliyofuata akafanya hivyohivyo. Mwalimu wa darasa aliona, akameza. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, alijisemea, na mimi sitaki makubwa.

Kanuni ilikuwa wazi kwamba anayehama huombewa uhamisho, na anayepotea siku tisini hukatwa jina kwa wino mwekundu. Bi Takwimu ndiye aliyewafundisha makarani wa shule za jirani kanuni hiyo. Siku tisini zilipita, zikapita nyingine. Jina la mwanawe likabaki kwenye rejista, jeusi, safi, na kila alipofungua ukurasa ule ili kuandika jambo la mtoto mwingine, macho yake yalishuka yenyewe hadi kwenye yale maneno: anaishi na, mama. Alitamani kumwona, na mstari ule ulikuwa mahali pekee palipobaki ambapo bado walikuwa wakiishi pamoja. Hivyo ndivyo ruhusa ambayo hakuna aliyeiomba ilivyofika mwezi wa nane.

Mwisho wa mwaka ukaleta mtihani, na mtihani ukaleta tangazo. Ofisi ya elimu ilisema kwamba shule ambayo kidato chake cha tatu kitapata wastani wa arobaini au zaidi italetewa walimu wawili wa sayansi. Shule ile ilikuwa na mwalimu mmoja wa sayansi aliyefundisha masomo matatu, akitoka darasa moja kuingia jingine huku akifuta chaki usoni. Kwa hiyo Jumatatu ile Bi Takwimu alipopeleka ripoti, mkuu wa shule, ambaye kwa kawaida husaini huku akiongea na simu, aliiweka simu chini.

"Bi Takwimu, kaa."

"Nimezoea kusimama, mwalimu."

"Leo kaa." Akavuta kikokotoo. "Tumepata thelathini na tisa nukta nane nne. Tumekosa kwa sifuri nukta moja sita."

"Nimeona."

"Mimi kidato cha tatu nakiona mstarini kila asubuhi. Viti ni mia moja na kumi na viwili. Wewe umegawanya kwa mia moja na kumi na tatu." Akabonyeza vitufe polepole, kama mtu asiyetaka jibu lije. "Ukigawanya kwa walioketi, ni arobaini nukta mbili."

Bi Takwimu alitazama mikono yake. "Yumo kwenye rejista, mwalimu."

"Kwenye rejista yumo. Kwenye kiti je?"

"Ana ruhusa."

"Ruhusa ya nani?"

Alikuwa ameulizwa swali lilelile alilomuuliza mwanawe Jumapili ile mlangoni, na akaona jinsi linavyokwaruza.

Mkuu wa shule hakuwa mtu mbaya. Alivuta pumzi, akalegeza tai. "Mahudhurio hayo nimesaini mimi, tena bila kusoma, kwa hiyo tukizama tunazama wawili. Sikulaumu. Lakini sifuri ya mtoto ambaye hakuwepo inawavuta chini wenzake mia moja na kumi na wawili waliokuwepo. Wewe ndiye uliyenifundisha hesabu hizi. Kumkata jina siwezi, rejista ni yako. Ripoti inaondoka kesho kutwa, Jumatano, saa sita mchana."

Alirudi chumbani kwake akafungua ukurasa. Kalamu ya wino mwekundu ilikuwa kwenye kopo, pamoja na rula na mkasi. Aliitoa, akaitazama, akairudisha. Utasema ni jina tu kwenye karatasi. Mwambie hivyo mtu mwingine, si mwanamke aliyekula miezi minane peke yake akitazama kiti cha pili.

Kesho yake, saa nne asubuhi, mlango ulikwaruza na wifi yake akaingia, utepe wa kupimia bado ukining'inia shingoni, kwani alikuwa ametoka dukani akakimbilia basi la alfajiri.

"Wifi, mlango wako huu unalia kuliko wafiwa."

"Mafuta yameisha."

"Na chakula nacho kimeisha? Umekonda mpaka nguo inakutafuta." Alimkumbatia, akakaa bila kuambiwa, akatoa kwenye mkoba fomu iliyokunjwa mara nne. Bi Takwimu aliitambua kabla haijakunjuliwa. Ilikuwa fomu ya uhamisho, sehemu ya kwanza imeshajazwa na kupigwa muhuri na shule ya kule.

"Nakuja kwa mdomo na karatasi," wifi alisema, "maana kwa simu ungenikatia. Usajili wa mtihani wa taifa unafungwa Ijumaa. Mtoto amesoma pale miezi minane kwa hisani ya mkuu wao, hana jina daftarini. Sasa wakiingiza namba yake, mfumo unaikataa, unasema mwenye namba hii yuko shule nyingine na anahudhuria vizuri." Alimtazama. "Anahudhuria vizuri, wifi?"

Bi Takwimu aliisogeza rejista pembeni ya meza.

"Usipomwachia, mwakani wenzake wanaingia chumba cha mtihani, yeye anawashikia mikoba. Mwaka mzima."

"Anasomaje?"

"Mara ya mwisho alikuwa wa kumi na tisa kati ya sitini na mmoja."

"Wa kumi na tisa? Chiriku?"

"Si anauona ubao sasa."

"Anauona vipi?"

Wifi aliutoa utepe shingoni, akauviringa taratibu kwenye vidole. "Kwani hukujua? Basi hakukwambia. Wiki ya kwanza nilimpungia mkono akiwa ng'ambo ya barabara, akanitazama kama anayetazama ukuta. Nikasema makubwa haya, amenigomea na mimi! Kumbe mtoto haoni mbali. Mwaka mzima alikuwa akinakili kwa jirani, na jirani alipohamishwa kiti, ndiyo basi."

"Mimi mama yake. Kwa nini asiniambie?"

"Kaka yangu ugonjwa wake ulianzia wapi?"

Ulianzia kwenye macho. Kwanza aliacha kusoma vibao vya barabarani, kisha akaacha kutofautisha sura za watu, na miaka miwili baadaye walimzika. Chiriku alikuwa amekaa kando ya kitanda wakati wote ule.

"Aliogopa kukwambia," wifi alisema. "Alidhani yatakuwa yaleyale, na hakutaka kukurudisha kulekule. Aliniambia alishapanga siku ya kusema. Sikumuuliza siku gani."

Bi Takwimu aliijua siku yenyewe. Aliijua mpaka saa na dakika. *Kuna kitu nataka nikwambie kwanza.* Rejista yake ilikuwa na safu kumi na moja, na kwa miaka ishirini na saba hakuwahi kuona kwamba inakosa safu ya mtoto anaona hadi wapi.

"Daktari alisema nini?"

"Si ugonjwa wa kaka. Ni miwani tu. Akavaa, akatoka nje, akasimama akatazama paa za watu kama ndiyo kwanza anaziona."

"Miwani ya namna gani?"

"Fremu nyeusi. Inamkaa."

Alijaribu kuiweka miwani nyeusi kwenye uso wa mwanawe, na haikukaa. Uso ulikuja, miwani ikakataa. Miwani ikaja, uso ukawa wa mtoto mwingine. Mwanawe alikuwa na uso ambao yeye hajawahi kuuona. Akashindwa kujizuia, akauliza lile ambalo alikuwa ameapa kutouliza.

"Ananitaja?"

"Sitakudanganya. Hakutaji." Wifi akauweka utepe mezani. "Ila mimi nakutaja. Mwanzoni nikikutaja alikuwa akiinuka na kuondoka. Siku hizi haondoki."

Nje, kengele ya mapumziko ililia na uwanja ukajaa makelele.

"Nikisaini hii nimemtoa," Bi Takwimu alisema.

"Umemtoa daftarini. Hujamtoa nyumbani kwako."

"Kwangu mimi imekuwa kitu kimoja, wifi yangu."

"Najua. Ndiyo maana nimepanda basi."

Bi Takwimu aliivuta fomu. Aliwahi kujaza mamia ya fomu hizo, kwa mwandiko uleule wa kusimama wima, na hakuna iliyowahi kumchukua zaidi ya dakika nne. Namba ya mwanafunzi aliiandika bila kufungua rejista. Ilipofika sababu ya kuhama, palikuwa na orodha ya kuchagua: moja, mzazi amehama kikazi, mbili, ugonjwa, tatu, umbali, nne, nidhamu, tano, nyinginezo, eleza. Mkono ulisimama juu ya tatu. Umbali. Karani yeyote angeandika tatu, na kusema kweli usingekuwa uongo. Akaandika tano. Kisha kwenye ule mstari mfupi, ambapo watu huandika "sababu za kifamilia" yakaisha, akaandika: *Aliomba orodha isibandikwe siku ile. Mama yake akaibandika.*

Chini palitakiwa saini mbili, ya mzazi na ya karani wa shule inayomtoa. Alitia ya karani kwanza, haraka, kama kawaida. Kwenye ya mzazi kalamu ilimgomea. Haikuwa imeisha wino. Ni yeye aliyeishiwa nguvu. Wifi alitazama dirishani ili ampe nafasi, na alipogeuka saini ilikuwapo, imepinda kidogo.

Mkuu wa shule aliisoma fomu kwa mara ya kwanza katika maisha yake ya kusaini. Aliisoma mara mbili.

"Hii itasomwa na ofisi ya elimu, Bi Takwimu."

"Waisome."

"Naweza kukupa fomu nyingine. Andika umbali, hakuna atakayeuliza."

"Mwalimu, piga muhuri."

Akapiga, na akasaini polepole. Bi Takwimu akarudi chumbani, akafungua ukurasa, akachukua rula na kalamu nyekundu, akapitisha mstari juu ya jina la mwanawe mbele ya macho ya wifi yake. Alipofika mwisho, kwenye safu ya "anaishi na", akainua rula. Neno "mama" lilibaki bila kukatwa. Halafu akakumbuka kanuni, akaishusha, akalikata na hilo. Siku ile alilia kwa sauti, na watoto waliokuwa wakipita barazani walisimama, wakatazamana, wakaenda zao kwa kunyata.

Ripoti iliondoka Jumatano saa tano na nusu, arobaini nukta mbili. Baada ya wiki tatu ofisi ya elimu ikajibu kwamba walimu wawili watakuja mwanzo wa mwaka. Mwalimu wa sayansi alicheza ngoma peke yake barazani, na mkuu wa shule akanunua soda kwa watumishi wote. Bi Takwimu alikunywa nusu ya yake. Alikuwa amepeleka mapendekezo mawili: kwamba orodha isibandikwe tena na badala yake kila mtoto aitwe peke yake aambiwe alichopata, na kwamba rejista iongezwe safu ya kumi na mbili, ya macho. La safu lilikubaliwa hapohapo. La orodha walimu walilibishania kikao kizima, wengine wakisema aibu ndiyo mwalimu mkuu, na mwishowe likapita kwa kura mbili. Hayo yote yalikuwa mazuri, na alijua ni mazuri. Lakini jioni alirudi nyumbani kwa njia ileile, na hapakuwa na wa kumwambia "enhe".

Alichokuwa akingoja ni kipande cha fomu. Sehemu ya tatu ya uhamisho hukatwa na shule iliyompokea mtoto na kurudishwa kwa posta, kuthibitisha kwamba amefika na amesajiliwa. Huwa hakina maana kwa mtu yeyote. Hutiwa kwenye faili la waliohama na kusahauliwa. Kila asubuhi alipekua barua za shule akikitafuta, akijiambia kwamba ni kwa ajili ya kumbukumbu za ofisi.

Kilikuja Ijumaa, ndani ya bahasha ya kahawia. Alikaa kwanza. Alizoea kuona vipande hivyo vimejazwa na karani mwenzake, lakini karani wa kule alikuwa mvivu au mwenye hekima, maana alimpa mtoto ajaze mwenyewe. Ulikuwa mwandiko uleule, wenye "a" zisizofungwa juu, ambazo alizikemea tangu darasa la kwanza na hazikufungika. Alizitazama moja moja kwa furaha.

*Usajili wa mtihani: umekamilika. Mzazi aliye hai: mama. Kazi ya mzazi: karani.*

Maneno hayo mawili yalikuwa yameandikwa kwenye mstari mmoja, moja baada ya jingine, bila ugomvi. Akashuka kwenye kisanduku cha mwisho. *Anaishi na:* kisha *shangazi*. Alilitegemea neno hilo, alikuwa ameshajiandaa kwa ajili yake. Ila wino haukuishia hapo. Kisanduku kile kimechorwa cha neno moja tu, na mwandishi alikuwa amejaza, akatoka nje ya mpaka, akaendelea pembezoni kwa herufi ndogo mno: *kwa muda.*

Katika miaka ishirini na saba, karani yule hakuwahi kuona mtoto akiandika neno la ziada kwenye kisanduku kile. Hakuna anayeuliza kwa muda gani. Fomu haitaki kujua. Kwa kanuni, kipande kilichojazwa nje ya mpaka hurudishwa kikasahihishwe. Alikisoma tena na tena mpaka kengele ya saa tisa ikalia.

Kisha akainuka, akatazama mlangoni kama mwizi, akakitia kipande kile kwenye mkoba wake wa mkononi. Ilikuwa karatasi ya kwanza ya ofisi aliyowahi kuiiba. Alipitia dukani akanunua mafuta ya bawaba za mlango wa ofisi, akafika nyumbani, akaingia chumba cha pili ambacho hakikuwa kimelalwa na mtu kwa miezi tisa. Sare ilikuwa palepale juu ya kitanda. Aliitundika kwenye msumari, akatoa shuka, akaanza kuliloweka.